Mng'ao darasani: ni nini, na kwa nini mtoto huacha kufuatilia somo

Mng'ao ni mwanga mkali kupita kiasi ukilinganisha na vitu vilivyouzunguka, hadi jicho linasumbuka au linashindwa kuona. Usiuchanganye na wingi wa mwanga. Darasa linaweza kuwa na luksi (kizio cha kupima mwanga unaoangukia mahali) 300 hadi 500 juu ya madawati, kiasi kinachotosha kusoma na kuandika, na bado mtoto fulani asione ubaoni.

Jicho hujirekebisha kufuata mwanga. Dirisha lenye jua likiwa kando ya ubao, mboni hubana na maandishi hufifia. Mtoto hukunja uso, huinamisha kichwa, hunakili kwa jirani, mwisho anakata tamaa. Wengi huita huo utundu, na ni kumwonea mtoto: nguvu za kusikiliza zimeishia kwenye kutafuta herufi.

Ubao mweupe unaong'aa ndio wenye matatizo zaidi. Mwanga huakisiwa kwa pembe ileile uliyoingilia, kwa hiyo doa jeupe huonekana kutoka viti vichache tu, na mwalimu aliyesimama mbele halioni kabisa. Ukaguzi wa kweli ni kukaa kwenye kila dawati, macho yakiwa mita 1 hadi 1.2 kutoka sakafuni, asubuhi na tena alasiri kwa kuwa jua huhama.

Ubao uwe kwenye ukuta usio na madirisha, na madirisha yawe ubavuni mwa wanafunzi. Tumia pazia jepesi la rangi ya maziwa linalotawanya mwanga. Pazia zito huondoa mng'ao lakini huacha safu za mbali gizani, maana mwanga wa dirisha hufika vizuri umbali wa takriban mara mbili ya kimo cha ukingo wake wa juu: ukingo ukiwa mita 2.4, ni kama mita 5. Dari ipakwe nyeupe, na kuta rangi hafifu isiyong'aa.

Mtoto akilalamika kichwa kinauma ilhali hakuna mng'ao, angalia taa. Taa za mirija zenye balasti (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) ya zamani ya sumaku hupepesa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50. Jicho halioni kupepesa huko, ila kamera ya simu ikirekodi mwendo wa polepole mara nyingi huonyesha mwanga ukipanda na kushuka. Dawa yake ni balasti ya kielektroniki.