Kishikwambi au laptopu kwa mzee? Anza na mikono yake

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza swali hili dukani kwangu hapa Ngamiani. Mara nyingi anayeuliza hayupo Tanga. Yuko Dar es Salaam au Muscat, amejichanga, anataka mama yake au babu yake aone sura za wajukuu, na ananipigia simu nimchagulie. "Kishikwambi si ndiyo rahisi kwa wazee?" Tangu makarani wa Sensa ya 2022 wapite nyumba kwa nyumba na vishikwambi, wengi wameshajiaminisha hivyo. Mimi nina miaka kumi na minne nafungua simu na kompyuta, na siku hizi kabla ya kujibu namuuliza yeye kwanza: huyo mzee alikuwa akifanya kazi gani?

Somo hilo nililipata kwa mama mkubwa wangu, Chumbageni. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mkonge mpaka akastaafu. Nilimpelekea kishikwambi cha inchi 10, kioo safi, kava jekundu, nikakaa naye jioni nzima nikimwelekeza. Mwezi uliofuata nilikikuta kabatini, kimefungwa kwenye kanga pamoja na hati ya nyumba. Hakulalamika. Alisema tu, "Kinanikimbia, mwanangu."

Nikamwomba anionyeshe kinavyomkimbia. Akakiweka mezani, akanyoosha kidole, akakibonyeza kwenye alama ya WhatsApp, akakiacha palepale. Kimenyu kidogo kikafunguka. Akashtuka, kidole kikateleza, na ile alama ikasogea hadi ukurasa wa pili. Kwa macho yake, WhatsApp ilikuwa imepotea. Alikuwa ameipoteza hivyo mara nyingi, na kila mara akiona haya kumwita kijana wa jirani.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye neno moja. Jioni ile nzima nilikuwa namwambia "bonyeza hapa, bonyeza pale". Mtu aliyezoea taipureta ukimwambia abonyeze, atabonyeza kweli, maana kwenye ile mashine usipotia nguvu chuma hakifiki kwenye utepe na herufi haitoki. Kioo cha kishikwambi hakitaki nguvu. Kinataka kuguswa na kuachiwa. Kidole kikikaa kama nusu sekunde tu, kifaa kinadhani unataka kuhamisha au kufuta. Sasa nawaambia wazee: gusa uachie, kama unavyogusa pasi kujua imepata moto. Wanaelewa papo hapo. Na kwenye Mipangilio, sehemu ya Ufikivu, naongeza muda ambao kidole kinaweza kukaa kabla kifaa hakijakihesabu kuwa kimeshikilia. Ni kazi ya dakika mbili, na karibu hakuna muuzaji anayeifanya.

Hata hivyo kwa mama mkubwa haikutosha. Nilimpelekea laptopu ya mtumba, nikaifungua mbele yake nikakaa kimya. Akavuta kiti, akanyoosha mgongo, akaweka vidole juu ya herufi bila kutazama chini. Vidole viwili vya shahada vikapapasa mpaka vikatua kwenye F na J, zile zenye vijinundu. Mpangilio wa herufi za laptopu unatokana na ule wa mashine za kuchapa za Remington za miaka ya 1870, na mikono yake ilikuwa imeushika kwa maisha yake yote ya kazi. Akaandika "Assalaam aleikum" huku macho yake yakiwa kwenye kioo. "Hii ni laini kubonyeza," akasema. Leo ndiye anayeandika mihtasari ya kikundi chao cha kina mama.

Ndiyo maana sikubali kwamba kishikwambi ni cha wazee na laptopu ni ya vijana. Mwalimu mstaafu, karani, mhasibu, mtu wa posta, yeyote aliyekaa na taipureta au kompyuta ya ofisini, mjaribu na laptopu kwanza.

Sasa chukua mzee mwingine, mteja wangu wa Makorora, aliyekata mkonge tangu ujana. Mwanawe alimtumia laptopu mpya ya bei kubwa. Shida yake haikuwa herufi, ilikuwa mshale. Kwenye laptopu mkono unatembea chini na mshale unatembea juu, na jicho linatakiwa liufukuze. Sisi tuliokua nayo hatuoni kazi hiyo, lakini kwa mtu wa miaka sabini na kitu ambaye mkono unamtetemeka, mshale unapita kila mahali isipokuwa pale anapopataka. Huyu nilimshauri achukue kishikwambi, kwa sababu anachokiona ndicho anachokigusa. Na kama ana baridi yabisi, kishikwambi cha inchi 10 kina uzito wa karibu nusu kilo, wakati laptopu nyingi zina kilo moja na nusu hadi mbili.

Tatizo likabaki kwenye vidole. Vioo hivi vinamtambua mtu kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na ngozi ya mzee huwa kavu, sembuse yenye sugu za kisu cha mkonge. Mzee anagusa, kioo kimetulia. Anadhani amekosea, anagusa tena kwa nguvu, na tunarudi palepale pa mama mkubwa. Dawa yake ni rahisi: anawe mikono, apake mafuta kidogo sana, kisha ajifute. Ikishindikana, mnunulie kalamu ya kioo yenye ncha ya mpira. Mzee wa Makorora anatumia kalamu, na haandiki chochote. Google waliweka kuandika kwa sauti kwa Kiswahili mwaka 2017. Anagusa alama ya maikrofoni, anasema, maneno yanajiandika. Macho je? Android 14, mfumo wa kishikwambi uliotoka 2023, unakuza maandishi hadi asilimia 200, kwa hiyo usikubali kuuziwa toleo la zamani sana.

Jambo linalowakwaza wengi ni WhatsApp, na hapa naomba usome polepole. Laptopu peke yake haiwezi kuwa na WhatsApp. Inaunganishwa na simu janja au kishikwambi chenye akaunti, na hicho kifaa kikuu kisipotumika kwa zaidi ya siku 14, laptopu inatolewa. Mzee mwenye kitochi tu ukimpa laptopu, hujampa WhatsApp. Kishikwambi cha Android unaweza kukisajili kwa namba ileile iliyo kwenye kitochi chake: msimbo unaingia kwa ujumbe wa kawaida, unausoma, unaujaza, basi. Kwa mama mkubwa nilifanya hivyo, kisha nikaunganisha laptopu. Kile kishikwambi chekundu kimetoka kwenye kanga, sasa kimesimama rafuni pembeni ya redio, na yeye anaandika kwenye laptopu.

Na hicho kitochi, tafadhali, usimnyang'anye. Vipo vishikwambi ambavyo, hata vikiwa na sehemu ya laini, havipigi menyu za nyota. Mzee akitaka *150*00# aangalie salio la M-Pesa au anunue umeme wa LUKU, atagota. Tena mimi napendelea pesa zikae kwenye kitochi, mbali na kifaa cha picha na video, kwa sababu matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" sasa wanapita mpaka WhatsApp, na mzee anayejifunza kifaa kipya anagusa kila kinachong'aa.

Ukiamua laptopu, karibu hakika utaangukia ya mtumba, na hapo ndipo pesa za watu zinapotea. Windows 10, mfumo unaoendesha laptopu nyingi za mtumba, iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi zinazoletewa kwangu, ambazo watu wameuziwa kwa maneno matamu, ni za kizazi cha 6 na cha 7. Soma namba mwenyewe, ile inayofuata kistari: i5-6300U ni cha 6, achana nayo, i5-8250U ni cha 8, hiyo inaongeleka. Uliza kama diski ni SSD, yaani isiyozunguka, kwa sababu ile ya kuzunguka inachukua dakika kadhaa kuwaka na mzee atadhani ameiharibu. Kisha chomoa chaji, iache iwake nusu saa huku ukipiga gumzo na muuzaji. Betri iliyochoka itazima hapohapo, na umeme wetu unapokatika hutaki mzee apoteze ukurasa aliouandika asubuhi nzima. Kishikwambi hakinipi mashaka hayo sana. Mradi kina betri nzima na gigabaiti 4 za ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi), kinafanya kazi.

Kwa nyumba zinazotazama bahari, kule Raskazone kwa mfano, kuna chumvi pia. Laptopu yenye feni inavuta upepo wa bahari ndani, na nikizifungua nakuta kutu ya kijani kwenye shaba ya tundu la chaji. Isikae dirishani, na ikizimwa ifunikwe kitambaa kikavu. Kishikwambi hakina feni, ila tundu lake la chaji linaliwa vilevile.

Kama mzee anaweza kutembea, njoo naye dukani, si kwangu tu, duka lolote. Weka kishikwambi na laptopu mezani, vyote vimewashwa, maandishi yamekuzwa. Kisha nyamaza. Usimwambie aguse nini. Mwache dakika kumi, utazame mikono yake inakwenda wapi kwanza, na inarudi wapi baada ya kukosea mara ya kwanza. Kile inachokirudia ndicho cha kulipia.