Ubani wa Ujiji umetoka mbali

Ukipita mitaa ya Ujiji Alhamisi jioni, ubani hukulaki kabla ya mwenyeji. Chetezo cha udongo, makaa mawili matatu yaliyoanza kushika majivu, na punje moja juu yake. Hutokota, huyeyuka, kisha moshi mweupe hupanda. Wapo wanaodhani mti wake uko kwenye miyombo yetu. Haupo.

Ubani ni utomvu wa miti ya jamii ya Boswellia, inayoota kwenye majabali makavu ya Omani, Yemeni, Somalia na India. Mvunaji huchanja gome, mti hutoa machozi meupe, naye huyabandua yakishakauka. Zaidi ya miaka 3,400 iliyopita Malkia Hatshepsut wa Misri alituma merikebu nchi ya kale ya Punt, inayodhaniwa ilikuwa pande za Pembe ya Afrika, na kuta za hekalu lake bado zinaonyesha miti ya uvumba ikibebwa na mizizi yake vikapuni. Kwetu, karne ya 19, Waarabu na Waswahili wa pwani walifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, njia ileile ya pembe na watumwa, wakalowea na desturi zao, ubani ukiwamo. Leo hata pesa anayopewa mfiwa tunaiita ubani.

Matumizi ni mengi: kufukiza nguo na mtungi wa maji, kutafuna ili kinywa kinukie, kuloweka usiku na kunywa maji yake asubuhi. Watafiti wamekuta ndani yake asidi za bosweliki, zinazopunguza uvimbe, na ubani wa India umeleta nafuu kwa baadhi ya wenye maumivu ya magoti. Lakini hao walimeza dawa iliyopimwa, hawakuvuta moshi.

Kinachoninyima raha ni chumba cha mzazi. Katika arobaini mama na kichanga hufungiwa ndani, dirisha limezibwa kwa kanga, jiko la mkaa liko chini ya kitanda. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Chumba kitanukia vizuri huku kinaua. Moshi wenyewe nao huamsha pumu, na mapafu ya kichanga hayauwezi.

Mzazi asinyimwe ubani wake. Chetezo kikae barazani, kanga na nguo zake zifukizwe hukohuko, zikunjwe, ndipo apelekewe ndani zikiwa bado na joto.