Ukomo si udhibiti: nyumbu wa Serengeti na madaraka ya watu

Mjadala wa katiba ukipamba moto, hakosekani mtu wa kusema kwamba madaraka yana ukomo kama walivyo nao wanyama wa porini: simba wanakula nyumbu, idadi haipandi, mizani imetulia. Mfano huo una makosa mawili, na yote mawili yanatuponza tunapotunga sheria.

Kosa la kwanza ni kuchanganya ukomo na udhibiti. Ukomo ni mahali ambapo jambo linaishia. Udhibiti ni nguvu inayobana zaidi kadiri jambo linavyokua, na kulegea linapopungua.

Sasa tazama nyumbu wenyewe. Sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe na jamaa zao wa porini, iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ikafyeka ng'ombe na wanyamapori. Ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti walipoanza kuchanjwa miaka ya 1950, ugonjwa ukatoweka hata kwa nyumbu, nao wakaongezeka kutoka takriban 250,000 mwaka 1961 hadi kama milioni 1.3 mwaka 1977. Simba na fisi walikuwepo muda wote huo, na hawakuzuia ongezeko hilo. Kilichokuja kulisimamisha ni majani ya kiangazi. Nyumbu wakizidi, fungu la kila mmoja linapungua, wanakonda na vifo vinapanda; wakipungua, waliobaki wanashiba.

Watafiti walilithibitisha hilo kwa kupasua mifupa ya mizoga, pamoja na ya wanyama walioliwa na simba, na kuangalia uboho. Mnyama aliyeshiba uboho wake ni mweupe, mgumu, umejaa mafuta. Aliyekaa na njaa muda mrefu, mafuta yote yamekwisha, umebaki ute unaopitisha mwanga. Wengi walikutwa na ute huo. Simba alimalizia tu kazi iliyoanzwa na njaa. (Nasema nyumbu wanaohama. Makundi yasiyohama ni habari nyingine, hayo simba huyamudu.) Wala milioni 1.3 si namba ya kudumu: mvua za kiangazi zikiwa nzuri inapanda, na ukame wa 1993 uliishusha sana.

Kwa upande wa watu, vipindi viwili vya urais vilivyowekwa kwenye Katiba ya Tanzania mwaka 1984 ni ukomo. Vinasema lini rais ataondoka. Havisemi lolote kuhusu anachoweza kufanya kabla ya siku hiyo, wala havimbani zaidi anapojilimbikizia mamlaka. Uganda nayo iliweka ukomo wa namna hiyo kwenye Katiba ya 1995, na Bunge likauondoa mwaka 2005. Udhibiti ni kitu kingine: ni Bunge linaloweza kukataa bajeti, mkaguzi anayefungua vitabu vya hesabu, mahakama inayoweza kutamka hapana. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa bado ofisini. Hapo ndipo neno udhibiti linapostahili kutumika.

Kosa la pili ni zito zaidi. Porini udhibiti unakuja wenyewe. Nyumbu hawana namna ya kuchagua njaa yao. Sisi mambo yanakwenda kinyume. Mamlaka yakikua yanapata uwezo wa kuteua majaji, kubadilisha mkaguzi na kupanga nani agombee ubunge, kwa hiyo kamba inalegea pale pale ilipotakiwa kukaza. Anayesema madaraka yatajirekebisha yenyewe kama maumbile anategemea kitu ambacho kwa binadamu hakipo mpaka kijengwe na kulindwa.

Kwa hiyo ukitaka kusema rais ataondoka baada ya miaka kumi, sema ukomo wa vipindi, utakuwa sahihi kabisa. Lakini ukisema madaraka yamedhibitiwa, tutajie ni nani anayeweza kumkatalia leo akiwa bado kitini, na ni nani aliyemteua huyo.