Kuongoza bustani ya mimea si kuacha botania

Wiki iliyopita, baada ya mhadhara, kijana mmoja alinyoosha mkono akaniuliza: “Dokta, huoni kama umeitupa taaluma yako? Zamani ulikuwa porini unakusanya mimea, leo unaidhinisha malipo ya paa.” Aliuliza kwa adabu, nami nilimjibu kwa adabu. Lakini swali hilo nimelisikia kwa wenzangu, kwa ndugu zangu na hata kwa wajumbe wa bodi, na nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama mlangoni. Leo nalijibu kwa kirefu.

Nianze na hilo paa. Hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utafiti, ni karatasi, gundi na majani makavu. Paa likivuja, kwanza kunaingia ukungu, halafu wadudu, halafu inapotea kazi ya watu waliokufa zamani. Kazi hiyo haijaisha. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba katika kila spishi mpya 100, ni 16 tu zilizopewa jina ndani ya miaka mitano tangu zikusanywe, na karibu robo zilielezwa kutokana na vielelezo vyenye umri wa zaidi ya miaka 50. Maana yake, spishi nyingi mpya zimeshachumwa na zimelala makabatini, zikimsubiri mtu wa kuzitambua. Anayelinda kabati hilo anashiriki katika ugunduzi huo, hata kama jina lake halitaandikwa popote.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliiteketeza hebaria ya Berlin-Dahlem. Zilipotelea humo taipu nyingi, yaani vielelezo vinavyobeba rasmi majina ya spishi, za mimea ya Afrika Mashariki, ile ambayo mwanabotania Mjerumani Adolf Engler na wenzake waliipa majina. Mpaka leo anayepitia upya jenasi (kundi la spishi za karibu) fulani ya milima ya Usambara hukuta spishi ambayo taipu yake iliungua Berlin, akaanza kusaka isotaipu, yaani nakala ya taipu iliyochumwa pamoja nayo, katika hebaria nyingine, na asipoipata inabidi achague kielelezo kingine cha kubeba jina. Lakini tarehe 2 Septemba 2018, Museu Nacional, makumbusho ya taifa ya Brazil iliyoko Rio de Janeiro, ilipoungua, hebaria yake ilisalimika kwa sababu ilikuwa katika jengo jingine. Hebaria ikae wapi, nyaya za umeme zipite wapi: anayeamua mambo hayo anaamua hatima ya majina ya mimea. Nani mwingine aamue, kama si mtu anayejua thamani ya holotaipu, ile taipu kuu ya spishi?

Kuna wanaosema karatasi za ofisini ndizo zinazomuua mwanasayansi. Mwaka 2017 makumbusho ya historia asilia ya Paris iliazimisha vielelezo Australia, vikiwemo taipu zilizokusanywa zaidi ya karne moja kabla. Nyaraka zilizoambatana navyo zilikuwa na kasoro, na mamlaka ya karantini ikaviteketeza vyote. Nilipoisoma habari ile nilikaa kimya muda mrefu. Tangu siku hiyo hakuna kifurushi kinachotoka kwetu kabla sijaisoma fomu mwenyewe, na anayeiita kazi hiyo ukarani hajui kilichomo ndani ya bahasha.

Historia nitaipita haraka, maana iko wazi. Joseph Hooker aliongoza Kew, bustani ya mimea ya London, tangu 1865 hadi 1885, na katika kipindi hichohicho yeye na mwanabotania George Bentham waliikamilisha Genera Plantarum, kitabu kikubwa cha jenasi za mimea. Peter Raven alikabidhiwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, 1971 akiwa na miaka 35, akabaki kiongozi wake hadi 2010. Peter Crane, mtaalamu wa visukuku vya mimea, alisimamia sayansi katika Field Museum ya Chicago, kisha akaongoza Kew kuanzia 1999 hadi 2006. Sidhani kama kuna atakayesema hao waliacha botania.

Sasa nifike panaponiuma: vibao.

Watu wengi, wakiwemo wanaotupa fedha, huamini kwamba bustani ya mimea ni bustani ya maua yenye vibao vya majina. Hapana. Kinachoitenganisha na bustani nyingine yoyote ni daftari. Kila mmea una namba ya usajili, na namba hiyo inakwambia mbegu ilitoka mlima gani, mwinuko gani, nani aliichuma, lini, kwa kibali gani, na kama kuna kielelezo cha hebaria kilichochumwa siku ileile. Jina la kisayansi linaweza kubadilika kesho. Namba haibadiliki, na kwa namba hiyo jina linaweza kusahihishwa. Ukiwa na jina bila namba, huna njia ya kujua kama jina lenyewe ni la kweli.

Katika bustani moja niliyowahi kuiongoza, kabla sijafika, ziliagizwa alama mpya za kupendeza: jina, picha, maelezo mafupi. Namba ziliachwa kwa sababu eti zinawachanganya wageni, na alama za zamani zikatupwa. Ilituchukua miaka mitatu kuoanisha miti na daftari, tukipima umbali kwa ramani za kale na kulinganisha majani na vielelezo. Baadhi ya miti hatukuipata tena. Ipo pale, mizuri, yenye kivuli, lakini kwa sayansi ni yatima.

Mtu akisema, “Si mnayo mingi tu ya aina hii?” namtajia Encephalartos woodii. John Medley Wood, aliyesimamia bustani ya mimea ya Durban, aliikuta sikadi hii (mmea wa kale wenye majani kama ya mnazi) mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini. Ilikuwa kichaka kimoja chenye mashina machache, dume. Jike halijapatikana hadi leo. Bustani nyingi duniani zinayo, na yote ni vichipukizi vya dume huyo mmoja. Ukihesabu mashina utadhani spishi iko salama, lakini ukilifuata daftari utakuta mmea mmoja uliogawanywa. Ndiyo maana nikioneshwa miche hamsini ya mti adimu, swali langu la kwanza ni kwamba imetoka kwa mama wangapi. Wahasibu hulishangaa swali hilo. Mwanabotania halishangai.

Yapo ninayoyatilia shaka, na ni haki niyaseme. Vielelezo tunavyovilinda kwa gharama kubwa mara nyingi vina majina yasiyo sahihi. Uchunguzi wa 2015 ulikuta kwamba kabla jenasi Aframomum haijapitiwa upya, zaidi ya nusu ya vielelezo vyake havikuwa na jina sahihi: vingine vilikosewa, vingine vilikuwa na jina lililokwisha kuachwa, vingine viliishia kwenye jenasi tu. Benki za mbegu nazo tunazisifu mno mbele ya wafadhili, ilhali mbegu za mwaloni, mkakao na mwembe zikikaushwa hufa, na kwa miti mingi ya misitu ya mvua ni hivyohivyo. Na makusanyo mengi makubwa yalichukuliwa zamani bila ridhaa ya wenye ardhi. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana kwa haki manufaa ya rasilimali za kijenetiki, iliyoanza kutumika 2014, haikuandikwa kwa ajili ya hebaria za karne ya 19, na sijaridhika na jibu lolote nililowahi kupewa, pamoja na langu mwenyewe.

Hata Hooker sikubaliani naye kwa yote. Alipigana ili Kew isifunguliwe kwa umma asubuhi, akitaka utulivu wa sayansi. Nadhani alikosea. Sijapata kuona mtetezi wa hebaria ambaye hakuanza kwa kutembea bustanini.

Na muda wa utafiti, kweli umepungua. Asubuhi za Jumanne nimezitenga kwa hebaria, na bodi inajua. Mapitio ya jenasi niliyoyaanza kabla ya cheo hiki bado yana spishi tano zinazonisumbua, mbili kati yake naamini ni moja. Vielelezo vyake nimeazima, muda wa kuviazima umeshaongezwa mara mbili, na Jumanne ijayo natakiwa kupima urefu wa stameni (viungo vya kiume vya ua) za karatasi thelathini na moja zilizobaki kabla hazijarudi kwa wenyewe.