Gari Lisilotoa Moshi Linachafua Hewa Vilevile

Kuanzia Kisumu hadi Nakuru ni wimbo uleule: "Halina moshi, hilo ni safi." Si kweli, na nimechoka kuusikia. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Wa samawati ni oili inayopenya kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Mweupe mzito usiokatika injini ikishapata joto ni maji ya rejeta. Basi. Gesi zenye madhara zaidi huzioni.

Kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa iungue yote. Hewa ikipungua, kaboni hukosa oksijeni ya kutosha na kutoka ikiwa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo maana kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, iliyosetiwa Kisumu, karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, huzidisha mafuta ikifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700: jeti, yaani tundu la kupitisha petroli, ni ileile, hewa imekuwa nyepesi. Injini ya injekta hujirekebisha, sensa zikiwa nzima.

Kinachoniudhi ni dawa wanayokimbilia: "Punguza mafuta liungue safi." Peleka hewa hadi kilo 16 kwa kilo 1 ya petroli, na kaboni monoksidi itashuka kweli. Lakini nitrojeni, asilimia 78 ya hewa, ambayo kwa kawaida haijishughulishi na kitu, hukutana na joto la zaidi ya nyuzi 1,500 na oksijeni iliyobaki, ikaungana nayo. Oksidi za nitrojeni hufikia kilele kwenye kipimo hichohicho. Zidi kupunguza, moto unashindwa kusambaa, injini inamisi, yaani silinda inashindwa kuwaka, petroli mbichi inatokea ekzosi. Hakuna mahali pa kuweka skrubu ya mchanganyiko ukazimaliza zote tatu: kaboni monoksidi, oksidi za nitrojeni na petroli mbichi. Hata kwenye 14.7, kuna petroli inayojificha kwenye upenyo mwembamba juu ya ringi ya kwanza, kati ya pistoni na silinda. Chuma hunyonya joto na moto haufiki humo.

Masalia hayo ni kazi ya masega, kichujio cha gesi (catalytic converter) kilicho kwenye bomba la ekzosi, kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, yakishapata joto la kama nyuzi 300. Yakate uuze, uchomelee bomba tupu, na bado hutaona moshi. Masega mazima hayaibi nguvu inayosemwa. Yakiziba, tafuta kwanza plagi inayomisi, maana petroli mbichi huungulia ndani yake na kuyayeyusha.

Hata P0420, namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari hutoa ikiona masega hayafanyi kazi vizuri, haitoshi kuyahukumu. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa ya oksijeni, hewa hunyonywa ndani na sensa husoma uongo. Injini ikiwa baridi, iwashe, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Penye povu pavuja.

Na tuseme ukweli kuhusu kipimo cha gesi gari likiwa limesimama. Oksidi za nitrojeni huzaliwa injini ikibeba mzigo, kwa hiyo namba nzuri za gerejini hazisemi lolote kuhusu matatu iliyojaa abiria ikipanda kuelekea Mau Summit.