Kwa nini mashabiki wa Grateful Dead hunung'unika hata wakipewa kila kitu

Januari 2011 kampuni ya Rhino ilitangaza kwamba itatoa maonyesho yote 22 ambayo Grateful Dead, bendi ya rock ya Marekani, walipiga Ulaya Aprili na Mei 1972. CD 73, ndani ya kasha lililoundwa mfano wa sanduku la safari za meli za zamani, dola 450, nakala 7,200 basi. Zilikwisha kwa oda za awali, siku chache tu baada ya tangazo. Kampuni ikalazimika kufungua oda za toleo la pili lisilo na sanduku, muziki mtupu, kwa ajili ya waliochelewa.

Manung'uniko nayo yakaanza. Nakala chache mno. Bei kubwa mno. Kwa nini sehemu za maonyesho haya tuliuziwa tayari 1995, 2002 na 2004, na sasa tunauziwa tena? Sauti ya gitaa hili mbona iko huku? Mtu asiyeijua bendi hii angedhani watu wamedhulumiwa. Mimi kazi yangu ni kuhamisha kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta, na nina uhusiano wa karibu na manung'uniko ya namna hiyo. Naona mengi yana msingi, hasa yale ya sauti, na sababu zake zimo ndani ya kanda zenyewe.

Kwanza ieleweke kwamba mashabiki hawa hawapewi muziki mpya. Bendi ilianza California 1965 ikafika mwisho 1995 alipofariki Jerry Garcia, mpiga gitaa la solo na sauti yake kuu. Katikati hapo walipiga maonyesho zaidi ya 2,300, na hawakurudia mpangilio wa nyimbo usiku hadi usiku. Wimbo wenyewe nao ulibadilika. "Dark Star" ina mashairi machache sana, yaliyobaki ni kama sebene ambayo hakuna aliyepanga itaishia wapi: siku moja dakika 20, siku nyingine zaidi ya 40. Kwa hiyo shabiki aliyesikia onyesho moja alitaka kusikia la kesho yake.

Bendi iliwaacha warekodi. Tangu Oktoba 1984 ikawatengea kabisa eneo lao ukumbini, nyuma ya meza ya fundi mitambo, wasimike vipaza sauti vyao juu ya vyuma virefu. Sharti lilikuwa moja: kubadilishana ruksa, kuuza marufuku. Kanda zikasafiri kwa posta nchi nzima; unatuma kanda tupu na stempu, unarudishiwa imejaa.

Sasa fikiria kanda hiyo ikinakiliwa, na nakala yake ikanakiliwa, na nakala ya nakala nayo ikanakiliwa. Kila hatua inaongeza mchakacho na kupunguza sauti nyembamba za juu, matoazi yakawa kama yanapigwa chumba cha pili. Kubwa zaidi ni mwendo. Redio-kaseti mbili hazizunguki sawasawa kabisa. Kosa la asilimia 1 ni dogo, sikio la kawaida halilitambui. Likilimbikizana likafika asilimia 6 hivi, wimbo mzima umepanda au umeshuka nusu sauti. Mpiga gitaa akijaribu kufuatisha analazimika kukaza nyuzi zake upya. Shabiki ambaye ameishi na kanda hiyo miaka 25 anaijua hivyo. Ndivyo Garcia anavyoimba kichwani mwake. Ukimletea toleo lililorekebishwa mwendo atakuambia bendi imepoa, au imechangamka kupita kiasi. Hakosei: kweli kuna tofauti.

Mfano mzuri ni onyesho la Mei 8, 1977, Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca. Huenda ndilo maarufu kuliko yote waliyowahi kupiga. Lilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, fundi wa kurekodi wa bendi, na hapa naomba tukae kidogo maana ndugu zangu mafundi mitambo watamwelewa.

Kanda nyingi zinazotoka mezani huwa na kasoro moja. Fundi anachanganya kwa ajili ya ukumbi. Besi na dramu tayari zinanguruma zenyewe jukwaani, kwa hiyo kwenye spika anazitia kidogo. Sauti ya mwimbaji, ambayo bila spika haisikiki, anaitia sana. Ukirekodi mchanganyiko huo huo unapata mwimbaji aliyekubandikia mdomo sikioni na bendi iliyo mbali. Betty hakufanya hivyo. Alichukua vipaza sauti vilevile akatengeneza mchanganyiko wake mwenyewe, wa kanda tu, akiwa na masikio ya msikilizaji wa nyumbani. Ndiyo maana kanda zake, za njia mbili tu za stereo, zinasikika kana kwamba zilitoka studio.

Baadaye aliachana na kazi ya bendi, mali zake zikawa kwenye ghala la kupanga, kodi haikulipwa, na 1986 zikapigwa mnada. Zaidi ya kanda elfu moja zikaangukia mikononi mwa watu waliozinunua pamoja na vyombo vingine. Nakala zikaanza kuzagaa. Onyesho la Cornell likawa kanda ambayo kila shabiki alikuwa nayo. Maktaba ya Bunge la Marekani ikaliingiza kwenye orodha ya taifa ya rekodi za mwaka 2011, wakati halijawahi kuuzwa rasmi hata siku moja! Kanda zenyewe ziliporejea kwenye ghala la bendi, Rhino wakalitoa Mei 2017 ndani ya sanduku la CD 11, pamoja na New Haven, Boston na Buffalo za wiki hiyohiyo.

Kazi ya mwendo ilifanywa kwa njia inayoitwa Plangent. Mashine ya kanda inaporekodi huingiza pia mlio wa juu sana ambao sikio halisikii, unaosaidia muziki kukaa vizuri kwenye kanda. Mlio huo ulikuwa imara siku ya kurekodi. Ukiweza kuunasa tena leo, kila unapoyumba ujue kanda iliyumba hapo, na kompyuta inanyoosha muziki kwa kipimo hicho hicho. Matokeo yake si sauti kali zaidi. Ni piano ambayo nota zake ndefu hazitetemi. Wengi walilisikia hilo bila kujua ni nini, wakasema tu kwamba "hewa" imeongezeka. Wengine wakasema hawaoni tofauti na ile waliyokuwa nayo. Wote wawili nawaamini; inategemea kanda ya zamani ya kila mmoja ilikuwa nakala ya ngapi.

Kisha ukaja ubishi ambao hauishi: je, Cornell ndilo bora kweli? Mimi nasema hapana, ingawa "Morning Dew" ya kuelekea mwisho inanipa shida kutetea msimamo huo. Lilipata umaarufu kwa sababu lilipigwa vizuri na likarekodiwa vizuri na likasambaa sana, vitu vitatu tofauti. Usiku mwingi mzuri wa bendi hii umebaki kwenye kanda mbovu, na kanda mbovu haina mtetezi. Kabla hujaniambia onyesho gani ni bora, niambie kwanza nani alikuwa mezani.

Turudi Ulaya. Huko mashine ilikuwa ya treki 16, yaani njia 16 zinazorekodiwa kila moja peke yake, imewekwa kwenye lori, maana Warner Bros., kampuni yao ya rekodi, walitaka albamu ya kufidia gharama za kusafirisha watu zaidi ya 40 kwa wiki saba. Albamu ilitoka Novemba 1972, santuri tatu, nyimbo 17. Inaitwa ya jukwaani, lakini sehemu kubwa ya sauti za kuimba ziliimbwa upya studio waliporudi California. Mashabiki walilijua hilo, ila kujua na kusikia ni mambo mawili. Kwa miaka 39 walipenda ule ulinganifu wa sauti uliosafishwa. Kwenye sanduku la 2011, maonyesho karibu yote ni nyimbo ambazo hazikuwahi kuguswa baada ya usiku ule, na fundi Jeffrey Norman alizichanganya upya zote kutoka kanda za treki 16. Waimbaji wanakosea. Bob Weir, mpiga gitaa mwenzake Garcia, anaanza ubeti usio wake. Wapo waliofurahia ukweli huo na wapo walioona wamenyang'anywa kitu.

Treki 16 zinaleta jambo ambalo kanda za Betty hazina: kila kitu kinaweza kusogezwa. Piano ya Keith Godchaux ikae kulia au kushoto, kinanda cha Pigpen kisikike au kimezwe, makofi ya watu yaingie kiasi gani. Hakuna jibu moja sahihi. Kwa hiyo mtu akilalamika juu ya mchanganyiko wa Norman, anabishana na maoni ya mtu mwingine, wala si na kanda. Mimi binafsi namshukuru kwa besi ya Phil Lesh. Kwenye albamu ya 1972 unaifuata kwa taabu; hapa unaweza kusikiliza onyesho zima kwa kuifuata hiyo peke yake.

Lipo lalamiko moja nisilolivumilia, nalo ni la Donna Jean Godchaux, mwimbaji wa kike wa bendi. Anasutwa kwa kutoka nje ya sauti. Dada huyu alitokea studio za Muscle Shoals, Alabama, na sauti yake ya kuitikia imo kwenye rekodi za Percy Sledge na Elvis Presley. Studio unavaa vipokea sauti, unajisikia kila pumzi. Jukwaani na bendi hii alisimama mbele ya ukuta wa spika, mwaka 1972, wakati vifaa vya kumrudishia mwimbaji sauti yake vilikuwa hafifu. Yeye mwenyewe alishaeleza kwamba hakuwa akijisikia. Mwimbaji asiyejisikia hupandisha sauti, na akipandisha huenda juu ya nota. Kanda ya treki 16 ina kipaza sauti chake peke yake, ikamnasa bila huruma.

Kwa upande wa Pigpen mambo ni kinyume. Ron McKernan, mwanzilishi, mwimbaji wa blues wa bendi, alikuwa tayari mgonjwa. Alifariki Machi 1973 akiwa na miaka 27. Hii ndiyo ziara yake kubwa ya mwisho. Mashabiki walionunua kwa ajili ya "Dark Star" wamejikuta wakirudia nyimbo zake.

Je, kuna marudio? Yapo mengi, na asiyeipenda sana bendi hii asijidanganye. Kuna nyimbo zinazopigwa karibu kila usiku. Ila maonyesho hayalingani. Rotterdam, Mei 11, ina "Dark Star" ndefu kuliko zote. Lille, Mei 13, lilipigwa bure uwanjani mchana, kwa sababu wiki moja nyuma lori lao liliharibiwa mafuta Paris, wakashindwa kupiga, umati ukawaka hasira. Wakarudi kulipa deni. Copenhagen, Aprili 17, lilirushwa kwenye televisheni. Ukilisikiliza lote utasikia bendi ikijifunza ukumbi baada ya ukumbi.

Nimewahi kuulizwa kama hawa jamaa walifika Afrika. Walifika: Septemba 1978 walipiga siku tatu Giza, Misri, miguuni pa Sphinx, wakiwa na mpiga udi Mnubi Hamza El Din. Walikusudia albamu, wakaiacha. Piano haikuwa kwenye sauti yake na mpiga dramu Bill Kreutzmann alikuwa amevunjika mkono. Ilipotoka 2008, ikiwa imechaguliwa tu nyimbo, lalamiko kubwa halikuwa piano. Lilikuwa: usiku kamili uko wapi? Hapo ndipo utajua unashughulika na watu gani. Shabiki wa namna hii anachukua usiku mbovu uliokamilika kuliko usiku mzuri uliokatwakatwa. Anataka hata zile dakika za kukaza nyuzi.

Na kukamilika ni kazi. Kanda ya reli kubwa (reli ni gurudumu linaloviringishiwa kanda), ikienda inchi 15 kwa sekunde, huisha baada ya dakika 33 hivi. Wimbo wa dakika 40 hauingii. Fundi asipokuwa na mashine ya pili ya kupokea, anabadilisha reli bendi ikiendelea kupiga, na sekunde hizo zimepotea. Wanaotengeneza masanduku huziba pengo kwa kanda nyingine, mara nyingi ile ya shabiki aliyerekodi kutoka ukumbini. Utaisikia: ghafla chumba kinakuwa kikubwa, watu wanakohoa karibu yako, halafu inarudi. Wengine hukasirika. Mimi ndipo ninapotega sikio zaidi, kwani bila yule kijana na chuma chake kirefu hapo pangekuwa kimya.

Anayetaka kuonja bila kuuza ng'ombe, atafute Lyceum ya London, Mei 26, 1972, usiku wa kufunga ziara, kisha Cornell, ambayo iliuzwa pia peke yake kwa CD tatu. Asikilize kwa vipokea sauti vya waya, na atafute na nakala ya kanda ya zamani ya Cornell aipige sambamba. Akisikia tofauti ya mwendo, aniandikie ni wimbo gani.