Printa ya sanaa inataka kazi ya kila siku

Wiki iliyopita mchoraji mmoja alinijia dukani, Msasani, simu mkononi. Ameona tangazo la printa kubwa ya picha, inayotoa mpaka A2 (karatasi nne za A4 zikiunganishwa), bei imeshushwa karibu nusu. "Dada, hii si ndiyo wanayotumia wapiga picha wakubwa? Niichukue?" Nikamuuliza: kwa wiki unachapisha kurasa ngapi? Akafikiri. Pengine tatu. Pengine hata moja asichapishe, mpaka msimu wa watalii ufike.

Nikamwambia aiache. Swali hili naulizwa sana, tena na watu ambao kila shilingi yao imetoka kwenye brashi, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Printa ya wino ina adui mmoja mkubwa, nao ni kukaa bure. Hedi yake, yaani kichwa kinachotema wino, ni kibamba chenye matundu membamba kuliko unywele, mamia kwa mamia. Wino ukikaa tunduni bila kusukumwa, maji yake yanakauka, unabaki uji mzito, mwishowe gamba. Ukiiwasha baada ya wiki tatu, printa inajisafisha: inauvuta wino kupitia matundu yote na kuumwaga kwenye pedi au kisanduku cha taka kilicho ndani yake. Wino huo umeulipia na haujachapisha hata nukta.

Miaka ya nyuma nilinunua printa ya wino wa pigmenti (nitaueleza hapo chini) kwa ofa nzuri. Baadaye nikaja kuona kwamba seti nzima ya katriji inakaribia bei niliyoinunulia printa yenyewe. Basi nikaanza kuihurumia. Menyu, vyeti na ratiba za shule nikazipeleka kwenye printa ya leza. Ile nikaifunika kitambaa ikisubiri kazi za sanaa. Siku moja umeme ukakatika katikati ya kuchapisha, hedi ikasimama katikati ya njia, nje ya kofia yake ya mpira inayoizuia isikauke. Umeme uliporudi sikuwa na kazi ya sanaa, nikaiacha hivyohivyo. Ukapita mwezi na nusu.

Nilipoiwasha nilichapisha kwanza ukurasa wa kupimia noozi, yaani yale matundu. Ni ukurasa mdogo wenye vistari vilivyopangwa kama ngazi, ngazi moja kwa kila rangi, na kila kistari ni tundu moja la hedi. Ngazi nyeusi ilikuwa nzima. Ya waridi hafifu ilikuwa imebaki vipande vinne, kama kitana kilichong'oka meno. Nikasafisha, nikapima, nikasafisha tena, nikapima. Mara ya tano katriji tatu zilikuwa zimekwisha na ile ngazi bado ina mapengo. Nikachapisha picha ya heroe kuona hali ilivyo. Tumboni mwa yule ndege, pale rangi inapopaswa kufifia polepole kutoka waridi hadi nyeupe, kulikuwa na mistari myembamba ya mlalo, ukingo hadi ukingo. Mteja wa bango asingeiona. Mchoraji wa ile picha aliiona kabla sijaiweka mezani.

Tangu siku hiyo nimeacha kabisa kutenga printa ya sanaa na printa ya kila siku. Zile barua, ratiba na menyu ndizo zinazoifanya hedi iwe na unyevu. Kwa hiyo unapochagua, tafuta printa ambayo wino wake hautakuumiza roho kuutumia Jumatatu kwenye barua ya mwenye nyumba, na bado utafaa Ijumaa kwenye picha ya kuuzwa.

Twende kwenye hesabu, maana ndipo punguzo linapoyeyuka. Picha ya A3 iliyojaa rangi ukingo hadi ukingo, kwa makadirio yangu ya kazi, inakula kama mililita mbili za wino, rangi zote zikijumlishwa. Canon imagePROGRAF PRO-300 ina katriji kumi, kila moja mililita 14.4. Zote pamoja ni mililita 144: picha sabini na kidogo, kama hakuna tone linalopotea kwenye kusafisha, jambo ambalo halitokei. Printa ya tangi ya Epson yenye rangi sita hujazwa kwa chupa za mililita 70, yaani mililita 420 kwa seti nzima. Kabla hujaulizia bei ya printa, ulizia bei ya seti nzima ya wino, uigawe kwa mililita. Muuzaji akisita kukutajia, ujue umeuliza panapouma.

Sasa aina ya wino, na hapa sitaki kupita haraka. Wino wa dai ni rangi iliyoyeyuka kabisa kwenye maji, kama sukari kwenye chai. Unazama ndani ya karatasi, na kwenye karatasi ya kung'aa rangi zake zinawaka. Wino wa pigmenti ni chembe ndogo sana zisizoyeyuka. Zinakaa juu ya karatasi na kushikamana nayo. Pigmenti huvumilia mwanga na maji, na inapendeza kwenye karatasi nzito ya pamba isiyong'aa. Dai hupauka mapema zaidi ikipigwa na jua au hata hewa ya wazi, na ikiloa kwenye karatasi ya kawaida inachuruzika.

Watu wengi hukwambia pigmenti ndiyo sanaa, dai ni ya picha za pasipoti. Mimi sikubali, na sababu iko hapo Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza mtindo huu hapa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Rangi ile inang'aa, na uzuri wa picha zile uko kwenye mng'ao: chungwa linalowaka, buluu nzito, weusi kama lami. Nimechapisha picha moja ya Tingatinga kwa pigmenti kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, na kwa dai kwenye karatasi ya kung'aa, nikaziweka pamoja na picha yenyewe mchana, mlangoni. Ya pamba ilikuwa ya heshima lakini imenyamaza. Ya dai ilikuwa ndugu wa ile picha. Mchoraji wa rangi za maji wa Bagamoyo angechagua kinyume, naye angekuwa sahihi. Anza na kazi yako unayotaka kuichapisha, ndipo uende kwenye printa.

Kupauka ni lazima umweleze mnunuzi. Nakala ya dai iwekwe nyuma ya kioo, ukuta usiopigwa na jua. Mimi naandika hivyo nyuma ya kila nakala, kwa penseli.

Kwa anayefanya sanaa na kazi za kawaida kwa pamoja, kwa maoni yangu printa inayofaa zaidi ni Epson L8180, ambayo Ulaya na Marekani inauzwa kwa jina la ET-8550. Inachapisha mpaka A3+, milimita 329 kwa 483. Ina nyeusi mbili: ya pigmenti kwa maandishi kwenye karatasi ya kawaida, na ya dai kwa picha; kuna na kijivu, kinachosaidia picha za nyeusi na nyeupe zisigeuke kijani kwenye vivuli. Kwangu nyeusi ya pigmenti ni jambo kubwa. Mkataba unaobebwa kwenye daladala wakati wa masika lazima usomeke ukifika. Inapokea karatasi nene mpaka milimita 1.3 kupitia njia ya nyuma iliyonyooka. Kasoro moja: skana yake ni ya A4 tu. Lakini mchoro unaong'aa hauwekwi kwenye skana hata hivyo. Unapigwa picha, taa mbili pembeni, kila moja kwa pembe ya nyuzi 45, usije ukachapisha mwanga wa taa badala ya rangi.

Epson L18050 ni nafuu zaidi, A3+ vilevile, rangi sita, zote dai. Picha zake ni nzuri kweli. Ukiwa na leza ya maandishi pembeni, inatosha kabisa, mradi usiiache ikae bure.

Ile ya A2, kama PRO-1000 ya Canon ambayo ilianza kushushwa bei PRO-1100 ilipotoka, ni mashine bora, na kwa mwenye oda za kila wiki ningemwambia anunue leo. Uzito wake ni kama kilo 32, katriji kumi na mbili za mililita 80. Ila pima kwanza umbo la kazi zako. Picha nyingi za Tingatinga ni za mraba. Mraba kwenye A3+ haufiki sentimita 33, hata urefu wa karatasi ukiwa mkubwa namna gani. Kwenye A2 unafika 42. Kama wateja wako wanarudi nyumbani kwa ndege na sanduku dogo, sentimita 32 ndizo wanazotaka.

Punguzo nalo lina sababu zake, na ni haki yako kuziuliza. Toleo jipya limetoka: hilo ni punguzo zuri, mradi wino bado utapatikana. Au mtengenezaji anategemea kurudisha pesa kwenye wino: Marekani, Canon PIXMA Pro-100, iliyotoka 2012, iliuzwa kwa miaka kadhaa kwa punguzo kubwa mno, na seti ya katriji zake nane haikuwa mbali na bei hiyo ya ofa. Ndugu zetu wa huko wakitaka kukutumia printa ya namna hiyo, waambie wasome kwanza kibandiko cha umeme nyuma, kiwe kimeandikwa 100–240V, na wahakikishe inazikubali katriji za huku. Baadhi ya printa zina chipu za eneo, zinakataa katriji za bara jingine.

Au imeshatumika. Hapa nawaomba muwe makini sana na Epson L1800. Ilikuwa printa nzuri ya A3+, rangi sita, na ndiyo sababu wengi waliigeuza kuwa ya sablimesheni (wino unaohamishwa kwa joto) kwa vikombe, au ya DTF (picha inachapwa kwenye filamu, kisha inahamishiwa kwenye kitambaa) kwa fulana. Wino mweupe wa DTF una chembe nzito zinazotuama, na ukikaukia kwenye hedi ni vigumu sana kuutoa. Fungua mfuniko wa tangi, chungulia. Ukiona utando mweupe kwenye mrija au tangi, hata kama muuzaji ameosha akajaza wino mpya, ondoka. Uliza pia pedi ya taka. L1800 huhesabu wino unaomwagwa, na hesabu ikitimia inagoma. Fundi anaweza kuirudisha sifuri kwa programu, lakini kama pedi yenyewe haikubadilishwa, wino utakuja kumwagikia mezani kwako. L8180 na L18050 zina kisanduku cha taka unachokibadilisha mwenyewe, na kwangu hilo peke yake linastahili tofauti ya bei.

Ukienda dukani, nenda na flashi yenye kazi yako na karatasi yako mwenyewe. Chapisha ukurasa wa noozi kwanza. Kisha chapisha anga: sehemu moja ya picha inayofifia kutoka buluu hadi nyeupe, maana mistari hujificha kwenye majani na manyoya, kwenye anga haina pa kujificha. Igeuze karatasi, itazame kwa pembeni dhidi ya mwanga, uone kama magurudumu ya printa yanayovuta karatasi yameacha alama.

Ukiinunua ikiwa tayari ina wino kwenye tangi, zima kwa kitufe chake ili hedi irudi kwenye kofia, usizime kwa swichi ya ukutani. Kuna modeli zenye kufuli ya kusafirishia. Kama ipo, ifunge. Halafu lipia bajaji, printa ikae wima juu ya kiti, wewe pembeni umeishika. Nimeletewa tatu zilizolazwa kwenye bodaboda, wino umejaa chini ya kava hadi kwenye bodi ya umeme, na zote tatu zilikuwa zimenunuliwa asubuhi ileile.